Gunia la Pili

Jumanne, 3 Februari

Uzi wa bobini umekatika mara sita kabla ya saa nne. Nyuzi za siku hizi ni utando wa buibui uliopakwa rangi. Gauni la Mama Fredi bado. Nimemwambia kesho. Juzi pia nilimwambia kesho. Anajua naongopa, nami najua kwamba anajua, na maisha yanakwenda.

Saa tano kaja mwanamke na gari. Kaegesha juu ya mtaro, nusura agonge ndoo ya Rukia wa vitumbua. Miwani mpaka mashavuni. Kavaa shati la kiume lililopasuliwa katikati likaungwa na nusu ya shati jingine la kiume. Kulia bluu, kushoto mistari. Nilidhani kavaa gizani. Kumbe ndiyo fasheni, kajishonea mwenyewe, na anajivunia.

Jina lake Neema, ila anapenda aitwe Madam. Anakaa Goba, duka lake liko Kinondoni barabarani kabisa, kioo kutoka chini mpaka juu. Anazunguka kwenye maduka makubwa ya nguo kukusanya mzigo uliolala. Mashati yasiyouzika. Mapazia ya mwisho wa jora. Sare za shule iliyobadilisha rangi. Anafumua, anaunga, anauza. Kaniambia dunia inazama kwenye nguo. Mie nina miaka thelathini na moja kwenye cherehani hapa Temeke, sijaona dunia ikizama. Mtaro huo ndio unaozama kila masika.

Kafuata vipande vyangu. Vile vya chini ya meza, magunia mawili. Kila fundi anavyo. Mteja analeta yadi nne, gauni linakula tatu, inayobaki ya fundi. Hakuna aliyeandika sheria hiyo na hakuna asiyeijua. Wateja wanasema tunakula kitambaa. Mie naita haki ya mkasi.

Nimempa yote mawili. Sikuyafungua hata. Kayaburuta mwenyewe na kucha zake zile mpaka kwenye buti. Hakubishana bei. Mtu asiyebishana bei ya matambara nyumbani kwao hawajui tabu.

Alhamisi, 5 Februari

Nimekwenda Kinondoni. Madam anataka nimshonee, maana kuunga anajua ila kushona hajui. Kama mpishi anayejua kupakua tu.

Duka linaitwa Zaliwa Upya. Nilitazama huku na huku kama kuna kwaya. Ndani baridi ya kugandisha samaki. Nguo kumi na mbili tu, duka zima! Zimetundikwa mbalimbali utadhani zimenuniana. Dirishani sanamu isiyo na kichwa, imevaa koti la pazia.

Nilipokuwa darasa la tatu sketi yangu ilitoboka. Mama alinishonea kiraka kwa ndani, mshono mdogomdogo, ili kisionekane. Na kilionekana. Waliniita Kiraka mpaka namaliza shule. Leo kiraka kinakaa kifuani katikati, na wenye hela wanapanga foleni kukigombea. Nyoo.

Ana kituko kingine. Ndani ya kila nguo, chini ya kola, anashona kitambaa cheupe chenye maandishi ya kueleza vipande vimetoka wapi. Mashati yametoka duka gani, pazia limetoka mtaa gani. Anasema mvaaji ana haki ya kujua. Kaniuliza, kwa adabu sana, kama naridhia jina langu liandikwe: Vitenge, Fundi Tatu, Temeke. Nikamwambia andika. Nani anasoma tumbo la koti?

Jumatatu, 9 Februari

Makoti matano yamekwisha. Kaniomba niache nyuzi zining'inie kwenye pindo, eti uonekane mkono wa binadamu. Miaka thelathini na moja naficha nyuzi. Nimekata zote. Kesho atalia.

Jumamosi, 14 Februari

Nimeacha kazi saa saba. Siwezi kushika mkasi. Niandike, labda nitatulia. Naandika huku nyuma ya daftari la vipimo, hakuna anayefika huku.

Rukia alikuja asubuhi nimfungie zipu. Harusi ya mtoto wa dada yake, Manzese. Rukia ni shoga yangu wa miaka ishirini, anakaa mlango wa tatu kutoka kwangu, anakaanga vitumbua mbele ya baraza langu. Nilimzika mama yake, kanizikia mume. Kavaa lile gauni.

Nimelishona mie, mwaka wa tisa sasa. Kitenge cha Kongo, njano ya binzari, tausi wa bluu wamesimama safu safu. Dar hii sijakiona tena. Athumani, mumewe, alikuwa dereva wa malori, alikitoa Lubumbashi. Pisi moja, yadi sita. Wakaja wote wawili wanacheka kama vijana. Walitaka sare ya Idd. Gauni la mke, shati la mume. Nikawapima. Baada ya siku mbili nikawaambia kitambaa hakitoshi, kimetoka gauni peke yake. Athumani akasema basi, mama avae, yeye atamsindikiza. Akaenda kuswali Idd na shati lake jeupe la zamani. Idd iliyofuata haikumkuta. Presha.

Kila akilivaa Rukia anasema neno lile lile. Leo pia, kanigeuzia mgongo nafunga zipu: "Hatukujaaliwa sare, shoga. Kitambaa hakikutosha." Anasema bila uchungu, kama mtu anayesema mvua haikunyesha.

Kilitosha. Zilibaki yadi mbili na nusu.

Nilizikunja nikaziweka. Sababu sina, na nisijitafutie. Kilikuwa kizuri, nikakitaka. Nilitaka blauzi. Halafu Athumani akafa. Sasa hiyo blauzi nitaivalia wapi, na Rukia yuko mlango wa tatu? Mwizi mjinga kuliko wezi wote wa Temeke. Nimeiba nguo nisiyoweza kuivaa.

Nilikisukumia chini kabisa ya gunia la pili ili nisikione. Nikafanikiwa. Sikukiona mpaka nikakiuza.

Jumapili, 15 Februari

Duka la Madam linafungwa Jumapili. Waliozaliwa upya wanapumzika.

Jumatatu, 16 Februari

Nimefika kabla hajafungua. Nimemkuta Rukia wangu dirishani.

Si Rukia. Kitambaa. Lakini moyo ulinipasuka vile vile. Sanamu kavuliwa pazia, kavishwa koti jipya. Mgongo wa kaki ya shule, mikono ya shati la bluu, na kifuani, kulia na kushoto, tausi. Kakata mwenyewe, hakuningoja. Na kakata ovyo! Tausi wa kulia wamesimama, wa kushoto wako kichwa chini miguu juu. Kitambaa chenye mwelekeo hata mwanafunzi wa wiki moja anajua kukilaza upande mmoja. Nikamwambia. Kanijibu kwamba kafanya kusudi. Wasiojua kazi siku hizi wana kinga moja tu, kusudi.

Nikasema nalinunua. Kacheka. Nikasema nitamshonea makoti kumi bure. Kaacha kucheka, kanitazama kwa huruma. Anadhani nimekikumbuka kitambaa changu. Kasema koti hilo ni roho ya kolekisheni, picha zake ziko mtandaoni tangu jana, litakaa dirishani mpaka litakapopata mwenyewe. Halafu kanikumbatia. Ananukia mchaichai. Nilitamani nimng'ate.

Alhamisi, 19 Februari

Chungu cha kwanza cha Ramadhani leo. Rukia kaleta bakuli la futari, kama kila mwaka. Bakuli la bluu lenye ufa. Tambi na kaimati. Nami sirudishi bakuli tupu, nitatia uji kesho. Miaka ishirini bakuli hilo linakwenda na kurudi, na halijawahi kurudi tupu.

Kaimati zake hazina mfano. Nimezila nimeupa mlango wake mgongo.

Jumatano, 25 Februari

Limeuzwa! Madam kanipigia mwenyewe, sauti juu. Kalinunua binti mmoja, kasema, kalipa taslimu, nusura alie kwa furaha. Nimemwona binti huyo kichwani. Wa Masaki huko, gari la baba, atalivaa mara moja alipige picha, kisha atampa dada wa kazi. Heri. Aende nalo Ulaya.

Nimeswali adhuhuri nikashukuru. Mwezi mtukufu, namshukuru Mungu kwa kunifichia wizi. Sijui malaika wameandika nini hapo.

Jumapili, 1 Machi

Binti alikuwa Salma.

Salma wa Rukia. Mwanawe wa pekee, anauza duka la vipodozi stendi. Kaja na mfuko wa karatasi, kaangalia nyuma kama mwizi, kaufungulia kwenye mapaja yangu. Tausi wananitazama. Aliona picha kwenye simu. Kavunja kibubu chake chote. Ni zawadi ya mama yake ya Idd, mama asijue, na mabega ni makubwa, nimpunguzie. Kwanza kaniamkia, shikamoo mama mkubwa, na macho yanang'aa. Kasema: "Kitambaa cha baba. Kile kile. Mama atazimia."

Na kasoma tumbo la koti. Kasoma! Jina langu. Kaniuliza, kwa furaha tupu, kumbe nami nilikuwa nacho, mbona sikuwaambia?

Nikamjibu nilikipata baadaye, Kariakoo, duka silikumbuki. Ulimi haukujikwaa hata kidogo. Wala sikumeza mate. Hii ndiyo faida ya kuwaambia watu "njoo kesho" kwa miaka thelathini na moja. Uongo unatoka umepigwa pasi.

Kaniamini. Ananiamini tangu namshonea sare za chekechea.

Jumanne, 3 Machi

Salma kaja kulifuata. Nimemwambia kesho.

Alipoondoka nimekifumua kitambaa cheupe chenye jina langu kwa wembe. Halafu nimefikiri. Pasi ikilala juu ya kifua dakika tatu, basi. Fundi gani hajaunguza nguo? Ningelia kidogo, ningemlipa, Rukia asingejua lilikuwepo. Nikachomeka pasi. Nikalitandaza koti. Nikaiweka.

Umeme ukakatika.

Nimesimama pale na pasi ya baridi juu ya tausi mpaka jirani akaniuliza kama naumwa. Nilicheka. Kwa mara ya kwanza wametukatia umeme wakati nauhitaji usiwepo.

Nimelitoa. Nimepunguza mabega. Halafu nikafungua mbele ya daftari hili, kwenye vipimo. Ni kaunta buku nene, lina wateja wa miaka kumi na mbili. Nilijua nitamkuta. Athumani, shati la Idd. Bega kumi na tisa. Kifua arobaini na mbili. Mkono mfupi, kumi. Kitambaa yadi 2½. Mwandiko wangu mwenyewe. Nilimpima, nikapiga hesabu, nikaona kinatosha, nikaandika. Kisha nikaenda kusema hakitoshi.

Namcheka Madam kwa kukata ovyo. Nyani haoni kundule.

Alhamisi, 5 Machi

Nilidhani nimefika chini. Kumbe kuna ngazi.

Salma kaomba ruhusa kazini. Kaenda Kariakoo. Kazunguka tangu asubuhi mpaka alasiri, kafunga, jua hili, mtaa kwa mtaa, duka kwa duka, anawaonyesha wauzaji picha kwenye simu. Anakitafuta kitambaa nilichokipata mie "baadaye". Alitaka yadi chache, ajishonee na yeye, wavae sare na mama yake siku ya Idd. Wengine wamemcheka. Mmoja kamwambia kitenge hicho hakijapata kuingia Dar. Hakumwamini. Mama mkubwa kasema kipo.

Kaja kukaa kwenye kigoda changu, viatu mkononi, kisigino kimechubuka. Kanitazama, kasema: "Samahani mama mkubwa, nimekosa. Labda sikutafuta vizuri."

Kaniomba samahani. Mie.

Nimemfunga kisigino kwa kipande cha bafta. Naandika hapa wazi, maana hapa sina wa kumwongopea: najidharau kuliko ninavyomdharau mtu yeyote niliyepata kumdharau, na orodha hiyo ni ndefu.

Ijumaa, 6 Machi

Nimemwambia.

Nilingoja watu watoke msikitini. Rukia alikuwa uani kwake anakaanga kaimati. Nililishika koti kwenye mfuko. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Yalipotea yote. Nikasema: "Rukia, kile kitambaa kilitosha. Kilichobaki nilikiiba mie. Nimekiuza mwezi uliopita kwa Neema wa Kinondoni, na Salma kakinunua kwa akiba yake hajui. Kariakoo hakijawahi kuwepo."

Hakugeuka. Aliendelea kudondosha unga kwenye mafuta, moja, moja. Kisha mkono ukasimama. Kaimati zikawa nyekundu, zikawa nyeusi. Rukia haunguzagi. Nilitaka kuziopoa, nikaona sina haki hata ya mwiko wake.

Kaniuliza kitu kimoja tu.

"Ulimpima?"

Nikasema ndiyo.

"Alisimama, ukampima, akijua atavaa?"

Nikasema ndiyo.

Kaepua karai. Kasema nenda. Nikaweka mfuko juu ya kigoda nikaenda. Kelele ningeziweza. Nimezaliwa kwenye kelele. Ile nenda, ya taratibu, ndiyo iliyonishinda.

Jumatatu, 9 Machi

Siku ya nne futari ya Rukia haijaja. Nimefungulia maji na tende moja.

Meza ya vitumbua kaihamishia upande wa pili, mbele ya kibanda cha Fundi Kibwana. Kibwana, anayeshona zipu kwa mkono kwa sababu mashine inamtisha. Namwona kuanzia hapa. Hageuki.

Salma kapita. Kaniamkia. Shikamoo ilikuwepo, macho hayakuwepo. Nimeitikia marahaba nikainamisha kichwa kwenye gauni la Mama Fredi. Nimelimaliza leo. Na vipande vyake vyote nimemfungia kwenye mfuko. Kashangaa, kaniuliza kama nahama.

Alhamisi, 12 Machi

Madam kaja. Gari juu ya mtaro tena, hajifunzi. Leo kavaa sketi ya tai. Tai za kiume zimeshonwa pamoja kama mbavu. Mwanamke mzima anatembea amezungukwa na shingo za watu wa benki.

Anataka gunia la tatu. Vile vitenge vimewavutia watu mno. Kasema mie ndiye mwanzilishi halisi, miaka thelathini na moja sijatupa kipande, yeye ni mwanafunzi wangu tu. Alikuwa ananisifu. Hajui kanitukana vipi.

Nimemwambia sina gunia, sitakuwa nalo, na makoti yake sishoni tena. Kauliza kakosea wapi. Nilikuwa na mengi. Mapindo, tausi kichwa chini, zile nyuzi. Nikarudi kwenye cherehani. Maana nimefikiri usiku na mchana na sijapata pa kutokea: huyu mwanamke asiyejua kupachika mkono wa nguo anaandika kila kipande kimetoka kwa nani. Kwa mwandiko unaosomeka. Mie sikuandika hata kimoja.

Bado hajui kushona. Hilo silirudishi.

Jumatatu, 16 Machi

Chungu cha ishirini na sita.

Rukia kaja saa nne. Sikumsikia. Niliinua kichwa nikamkuta kakaa kwenye kigoda, mfuko miguuni. Hatukuamkiana.

Kalitoa koti. Si koti tena. Kalifumua mwenyewe, mshono kwa mshono, kwa wembe, na kavipiga pasi vipande vya tausi. Kaviweka mezani kwangu. Kasema: "Nishonee shati la Athumani. Kwa vipimo vyake. Nitalivaa mie siku ya Idd."

Nikafungua daftari mbele. Aliona jina. Aliweka kidole pale kwenye bega kumi na tisa, akakiacha kidogo, akakiondoa.

Nikatandaza. Nikapima mbele, nikapima mgongo. Madam kakata ovyo, kapoteza kitambaa kwenye kola, kwenye mifuko. Nikapima tena. Neno likanitoka kabla sijalikamata.

"Hakitoshi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Rukia kanitazama machoni, mara ya kwanza tangu ile Ijumaa. Nilimsogezea futi ya kamba apime mwenyewe. Kaishika. Kapima, taratibu, kwa mikono ya mkaanga vitumbua. Kapima mara mbili.

"Kweli hakitoshi," kasema.

Kainama kwenye mfuko, kalitoa gauni. Lile lile. Kaliweka juu ya vile vipande, kalilainisha kwa kiganja.

"Kata na hili. Kata mbele ya macho yangu."

Nimekata. Tausi wote wamesimama, hakuna aliyeinama. Mgongo umetoka kwenye gauni, kifua kimetoka kwenye vile vya Madam, ambavyo rangi haijafifia kwa sababu havikuvaliwa. Ukitazama utaona mstari, hapa njano imezeeka, hapa mpya. Siwezi kuuficha. Nilimwonyesha. Kasema uache.

Alikaa mpaka nikamaliza kukata, hakuondoa jicho kwenye mkasi. Kila kipande kilichodondoka kakiokota. Vikubwa kavikunja. Vidogo vya upana wa kidole navyo kavikunja. Chini ya meza kulikuwa na kimoja, nilikiona kabla yake, nikakiokota nikampa. Kakitia mfukoni pamoja na vingine.

Alipoondoka niliona bakuli la bluu bado liko kwangu, juu ya kabati, tangu chungu cha kumi na tano. Nimeliosha. Sijui nitie nini.

Anarudi kesho saa nne kujaribu shati. Kesho litakuwa tayari.